Mizani ya Mama na Kauri Nyeusi

Mama yangu alikuwa mpimaji wa dhahabu Nyamongo, miaka ile ambayo kila mwenye sururu na mikono miwili alikuwa anachimba, kabla uzio wa mgodi mkubwa haujajengwa. Hakuwa mnunuzi. Naomba hilo lieleweke mapema, maana wanunuzi walikuwa wengi na sifa zao tunazijua. Yeye alikuwa na mizani tu, ndogo, ya sahani mbili. Mchimbaji na mnunuzi wakishindwa kuaminiana walimfuata, anapima mbele yao wote, na akishasema amesema. Wanaume waliotoka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya kuchimbia, matope yamewafika kwenye nyusi, walimwamkia shikamoo hata wale waliolingana naye umri.

Alikuwa anapima mara tatu. Kwanza dhahabu inakaa sahani ya kulia. Kisha anabadilisha, dhahabu inakwenda kushoto na mawe ya mizani kulia, kwa sababu alisema hakuna mizani isiyo na upande inaoupenda. Halafu, wakati watu wameshaanza kunyanyuka, anairudisha dhahabu kulia na kupima tena, taratibu, kana kwamba ndiyo kwanza anaanza. Wanunuzi walikuwa wanasonya. Hata mimi binti yake nilikuwa nasonya, kimoyomoyo, maana sauti ingeniletea makofi. Ile mara ya pili niliielewa. Ya tatu niliiona ni ushamba tu, na sikuwahi kumuuliza.

Basi mtoto huyo msonyaji akaenda shule, akapenda fizikia, akaipata kweli. Hapo ndipo habari ya ng'ombe ilipoanza.

Kwetu Wakurya, kaka huoa kwa ng'ombe walioletwa kwa ajili ya dada yake. Nyumbani tulikuwa wawili tu, kaka yangu na mimi, na baba alikuwa ameshafariki. Nilipomaliza kidato cha sita alijitokeza mfanyabiashara wa Sirari aliyekuwa tayari kuleta ng'ombe, na baba mkubwa, aliyeshika nafasi ya baba, alikuwa ameshakagua zizi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mimi niolewe, kaka aoe. Kaka ndiye aliyekataa. Alisimama mbele ya wazee, yeye ambaye kwa kawaida maneno yake ni ya kuhesabu, akasema, "Ng'ombe wangu nitawatafuta mwenyewe chini ya ardhi. Huyu aachwe asome." Akaingia duarani.

Alichimba miaka kadhaa na alikuwa hodari. Nikiwa chuo Dar es Salaam duara lao likaporomoka. Yeye alikuwa juu anavuta kamba, wenzake wawili walikuwa chini, na hawakutoka. Mama alimpeleka kwenye kaburi la baba akamwapisha kwamba hatashuka tena. Kaka akaapa, akahamia Kenyamonta kulima, na zizi lake likabaki nusu.

Mimi wakati huo nilipata ufadhili wa kusoma ng'ambo, kwenye nchi ya theluji, na chuo cha Dar kiliniahidi kazi siku nitakayorudi na shahada. Mshahara huo ndio ungejaza zizi la kaka. Alikuwa ameshapata mchumba hukohuko Kenyamonta, fundi cherehani mwenye mdomo mkali kama wangu, nikampenda kabla sijamwona. Baba wa yule binti alitoa muda: mavuno yakiisha na ng'ombe hawajatimia, binti anakwenda kwingine. Na baba mkubwa naye alinitumia salamu kwamba yule wa Sirari bado anauliza. Kwa hiyo nilikuwa nasoma huku nikijua kabisa kwamba nikichelewa, au kaka anamkosa mke, au naozeshwa mimi ili aoe.

Sasa nieleze nilichokuwa nasoma, na usiogope, mama yangu aliyeishia darasa la nne alielewa.

Kuna kauri nyeusi, inatengenezwa kwa oksidi ya shaba na vitu vingine viwili, inapondwa, inakandamizwa, inachomwa kwenye tanuri. Ukiiona utadhani ni kipande cha gae la chungu kilichoungua. Ukiipoza sana, inafika mahali umeme unapita ndani yake bila kuzuiwa na kitu chochote. Miaka ile dunia nzima ya fizikia ilikuwa imechanganyikiwa kwa ajili yake, na hakuna aliyejua kwa uhakika kwa nini inafanya hivyo. Niseme ukweli, na leo bado tunabishana.

Kazi yangu ilikuwa hii. Unapitisha umeme kwenye kipande cha kauri hiyo kwa urefu, unaweka sumaku kubwa kwa juu, na sumaku inausukuma ule umeme pembeni. Pembeni hapo panatokea volti ndogo, ndogo mno, ambayo vitabu vinaiita athari ya Hall. Kwa volti hiyo unajua vibeba umeme vilivyomo ndani ni vya aina gani, chanya au hasi, na ni vingi kiasi gani. Ni kama kujua idadi ya watu wanaopita njiani kwa kuangalia nyasi za kando zilivyolala. Mimi niliiona ni kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kubuniwa, na hadi leo naiona hivyo.

Shida ni kwamba zile nyaya mbili za pembeni, ambazo zilikuwa za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, huwezi kuzibandika zikatazamana sawasawa. Mmoja utatangulia kidogo. Kwa hiyo ile volti ya urefu inavuja na kuingia kwenye volti ya ubavuni. Dawa yake inajulikana: unapima sumaku ikielekea juu, kisha unaigeuza ielekee chini. Volti ya kweli inageuka pamoja na sumaku, uvujaji haugeuki, unatoa hii kwa ile, uvujaji unakufa.

Nilifanya hivyo. Na nilichokiona kilinifanya nicheze peke yangu maabara. Kauri ilikuwa inasema chanya, chanya, chanya, nikiwa naipoza. Halafu pale pale inapokaribia kuacha kuzuia umeme, volti ikashuka, ikapita sifuri, ikawa hasi, ikazama kwelikweli, ndipo ikafa. Kitu kile kile, ghafla kinazungumza kinyume. Wengine walishaiona hali hiyo, lakini yangu ilizama zaidi ya zao. Profesa wangu, mtu wa kutikisa kichwa tu, siku hiyo alininunulia kahawa. Akasema nikitoka likizo niandike, nikabidhi, nimalize. Kilichobaki kilikuwa kuchapa.

Nikaja nyumbani wiki tatu, kichwa juu. Grafu yangu niliikunja kwenye mrija wa bati nikaibeba mwenyewe mpaka stendi ya Tarime, na sikukubali mtu anisaidie kuibeba.

Mchana mmoja mizani ilikuwa imepumzika, hakuna wateja. Nikaitandaza grafu juu ya meza ya mama nikaanza kumweleza. Alinisikiliza huku anachambua dagaa.

"Hii kauri inaitwa ya joto la juu," nikasema.

"Joto kiasi gani?"

Nikamwambia ni nyuzi mia na themanini chini ya pale maji yanapoganda.

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Hao watu na baridi yao ikoje, kama hilo ndilo joto?"

Nikamweleza habari ya sumaku na nyaya za dhahabu. Hapo aliacha kucheka. Alitaka kujua kwa nini dhahabu na si shaba, nikamwambia dhahabu haishiki kutu, inashikana vizuri na kauri na haina ubishi. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kana kwamba nimemsifia ndugu yake. Nikafika kwenye kugeuza sumaku, nikasema kwa majivuno, "Unaona mama, ni kama wewe unavyobadilisha sahani."

"Nimeona. Na mara ya tatu?"

"Mara ya tatu ya nini?"

"Mligeuza juu, mkageuza chini. Mkarudisha juu?"

"Haina haja. Mbili zinatosha."

"Muda gani unapita kati ya juu na chini?"

Nikamwambia napima kuanzia joto hadi baridi sumaku ikiwa juu, inachukua siku nzima, na kesho yake narudia sumaku ikiwa chini.

"Siku nzima," akasema. "Na hicho kipande kesho yake ni kile kile?"

"Mama, kimebandikwa kwa gundi. Kiende wapi?"

"Sijasema kimekwenda mahali. Nimeuliza kama ni kile kile."

Mimi ni mtu wa hasira, sitaficha. Nilikuwa nimesoma miaka kumi na nane, profesa amenipa kahawa, na sasa naulizwa maswali na mtu anayechambua dagaa. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba hii si mizani ya sokoni. Alirudi kwenye ungo wake, na aibu ya neno lile ninayo hadi leo.

Mungu naye ana mambo yake. Haukupita muda wakaja mchimbaji na mnunuzi wanagombana. Mchimbaji ametoka kuosha mchanga wake mtoni, vumbi la dhahabu liko kwenye karatasi, na yeye ana haraka. Mama akapima kulia. Akabadilisha, akapima kushoto. Kushoto ilipungua, kidogo tu, na mnunuzi akadakia palepale kwamba mizani mbovu. Mama akairudisha kulia. Kulia napo, palepale ilipokuwa mwanzo, ikawa imepungua zaidi.

"Mizani ni nzima," akamwambia. "Dhahabu ina maji, inakauka tukiwa tunaipima. Nenda mura, kijana wangu, ikaushe kwenye bati, kisha rudini wote wawili."

Wakaondoka wanabishana. Mama hakunitazama. Alisema, huku anafuta sahani, "Mara ya pili inanipa habari za mizani. Mara ya tatu inanipa habari za dhahabu."

Nilielewa mara moja, yote, mpaka mwisho. Pale kauri inapokaribia kuacha kuzuia umeme, volti ya urefu inaporomoka kama ukingo wa mto. Joto likihama punje moja kati ya jana na leo, punje ambayo kipimajoto changu hakiioni, basi uvujaji wa jana si uvujaji wa leo. Nikitoa hii kwa ile haufi. Unabaki, na unaweza kubaki chanya au hasi utakavyo wenyewe. Ule mzamo wangu mzuri, niliouchezea peke yangu, pengine ulikuwa ni kauri tu inayobadilika huku mimi nimegeuza mgongo. Mwanafunzi wa nchi nyingine angesamehewa. Mimi nilikuwa nimezaliwa nyuma ya mizani ile.

Na "pengine" ndiyo iliyoniuma zaidi. Ingekuwa ni uongo mtupu ningejua la kufanya. Kumbe ingeweza kuwa kweli, ingeweza kuwa nusu, na hakuna duniani aliyejua, na profesa alikuwa ameshafurahi. Ningenyamaza tu, nikakabidhi, nikapata shahada, nikarudi Dar, nikanunua ng'ombe kabla ya mavuno.

Jioni, tukiwa tunakula, nikamwomba mama msamaha na nikamwambia yote, hata hilo la kunyamaza. Alitafuna tonge lake la ugali mpaka likaisha.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Lakini mimi sina la kukuamulia. Anayeumia ni kaka yako, mwambie yeye."

Kaka alikuja Jumapili kutoka Kenyamonta, amebeba mkungu wa ndizi begani. Tulikaa nje, nikamweleza. Nilimwambia kupima upya, nukta kwa nukta, juu na chini na juu tena, nikisubiri joto litulie kila mara, si kazi ya siku mbili tena. Ni miezi mitano. Mavuno yako miezi minne mbele. Na baada ya yote hayo naweza kukuta hakuna kitu, nikarudi mikono mitupu, na wa Sirari yupo anasubiri.

Aliuliza swali moja tu. "Ukinyamaza, utaweza kuifundisha hiyo kazi kwa watoto wa watu?"

Nikasema hapana.

"Basi nenda kapime."

"Na mchumba wako?"

"Nimesema nenda kapime. Hayo mengine si ya darasani kwako."

Alinisindikiza mpaka Tarime kupanda basi. Alinibebea mrija wa bati, na safari hii nilimwachia. Nilimwangalia kwenye dirisha, ameweka mikono mifukoni, nikasema moyoni kwamba namuua mtu huyu kwa ajili ya kauri.

Profesa alikasirika kwa siku mbili, na siku ya tatu akaja maabara kuangalia. Nilipima juu, chini, juu. Pale ambapo ya kwanza na ya tatu hazikulingana, nilitupa yote, nikasubiri kauri itulie, nikaanza upya. Zilikuwepo siku nilizopata nukta mbili kutwa nzima. Nilikuwa nabishana na pipa la nitrojeni ya kupozea kauri, kwa Kikurya, wenzangu wakadhani ninaomba. Profesa akaniuliza hii njia nimeisoma wapi, nikasema kwa mama yangu. Akauliza mama anafundisha chuo gani. Nikamwambia Nyamongo, na akaandika jina hilo kwenye daftari lake kwa uangalifu mkubwa, herufi kwa herufi.

Mwezi wa nne wa kupima ukapita. Nilijua kwetu mtama umeshavunwa na sikupata barua yoyote, nikachukua kimya kile kuwa ndilo jibu: binti amekwenda kwingine na kaka hataki kunisumbua. Nililia siku hiyo, kisha nikaosha uso nikarudi kwenye nukta zangu. Sikuwa na lingine la kumfanyia.

Mwezi wa tano grafu ilikamilika. Ule mzamo mkubwa haukuwepo. Sehemu yake kubwa ilikuwa ni joto linalohama tu. Lakini chini ya yote hayo, padogo, pagumu, volti bado ilikuwa inapita sifuri na kuwa hasi kabla ya kufa. Nilipima mahali hapo mara tisa. Ilikataa kuondoka. Ilikuwa ndogo kuliko za wengine na ilikuwa ya kweli, na sijawahi kuona kitu kizuri kama ile mistari miwili iliyolaliana, ya kwanza na ya tatu. Profesa aliitazama muda mrefu, akatikisa kichwa, halafu akasema hii sasa naweza kuitetea mbele ya mtu yeyote.

Nikaandika barua nyumbani. Nilimwambia mama kwamba alikuwa sahihi na nikamweleza kilichobaki. Kwa kaka niliandika ukurasa mzima wa kuomba radhi. Nilimwambia nimemharibia maisha, na kwamba nikianza kazi nitalipa, ingawa nilijua mke halipwi.

Majibu yalikuja baada ya majuma sita. Mwandiko ulikuwa wa kaka, maneno ya juu yalikuwa ya mama: amefurahi, nile vizuri, nisijibu wakubwa zangu vibaya. Chini yake kaka aliandika yake mwenyewe.

Alisema ameoa. Ng'ombe walitimia wiki mbili kabla ya mavuno kuisha. Alisema siku ile ile niliyopanda basi Tarime, mama alikwenda naye kaburini kwa baba akamfungua kiapo, na yeye kaka akarudi duarani.

"Miezi hiyo yote mama hakupima dhahabu ya mtu," aliandika. "Alikuwa anakuja asubuhi anakaa mdomoni mwa duara, haongei na mtu, mpaka nitoke. Hatukukuandikia mapema kwa sababu ungejua niko chini, ungepima kwa haraka."